Siku Niliyoruka Majini na Kamba Mkononi

Vijana, tangu mwanzo mjue kwamba cheti cha kuokoa watu majini sina. Kila mwaka mnaniita stesheni ya zimamoto niwaeleze kazi ilivyokuwa, mnaniwekea kiti mbele na soda, na kila mwaka kuna mmoja wenu anayedhani nilifundishwa nikafaulu. Nilifeli. Wenzangu wote wa kikosi chetu walipewa karatasi zao isipokuwa mimi, na mimi peke yangu ndiye niliyejua kuogelea vizuri. Nikiwaeleza ilivyokuwa, labda ninyi mtaelewa. Mimi nimejaribu kuelewa tangu miaka ya themanini.

Mimi ni mtu wa Awasi. Watu husikia Awasi wakafikiria barabara ya Kericho, mahindi na vumbi la soko, wakadhani maji tunayaona kwenye mtungi tu. Lakini sisi tulikuwa na mto, na mto ule ulikuwa na tabia ya kutoka kitandani kila masika na kuja mpaka mlangoni. Nilijifunza kuogelea kwa sababu ng'ombe wa baba walikuwa ng'ambo. Nilipoandikwa kazi ya zimamoto hapa Kisumu, sikumwambia mtu. Nilidhani kila mtu wa mji ulio kando ya ziwa anaogelea, na kwamba nikijisifu watanicheka.

Katika kikosi niliingia pamoja na Opiyo. Yeye ni mtu wa ufuoni kabisa, baba yake alikuwa mvuvi, na kila mara tukizungumza habari za ziwa yeye ndiye aliyekuwa na la kusema. Alijua upepo, alijua samaki yupi yuko wapi na mwezi gani. Tulimwita Mtu wa Ziwa. Aliyetuongoza alikuwa Afande Hamisi, mzaliwa wa Kaloleni hapa mjini, ambaye babu yake alitoka pwani. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hata akikugombeza unataka kumshukuru. Sisi tulimjibu kwa Kiswahili chetu cha Kijaluo na yeye hakutusahihisha hata siku moja, ila tukikosea kufunga fundo la kamba. Hapo alikuwa hana msamaha. Alikuwa akifungua fundo lako baya mbele ya wote, polepole, kama mtu anayemenya ndizi.

Sasa, mwaka mmoja ikasemekana mji unakua, majengo yanapanda, mashua zinaongezeka, na sisi tunajua moto tu. Akaletwa mwalimu kutoka Nairobi kwa wiki mbili, Bwana Mutiso. Wiki ya kwanza maji, ya pili lifti. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, na daftari lake lilikuwa na mistari iliyochorwa kwa rula. Siku ya kwanza, kabla hatujakaa vizuri kwenye benchi, aliuliza kama kuna yeyote asiyejua kuogelea. Tulikuwa kumi na wawili. Hakuna mkono ulioinuka. Akaandika kitu kwenye daftari, akaendelea.

Alitufundisha jambo ambalo nanyi mtafundishwa, na mlishike. Mtu akiwa majini, kwanza sema naye, umtulize, umwelekeze. Ukishindwa, mfikie kwa mti au kwa kasia ukiwa nchi kavu. Ukishindwa, rusha kamba. Ukishindwa, nenda kwa mashua. Kuingia mwenyewe ni mwisho kabisa, baada ya yote hayo kushindikana. Tuliimba maneno hayo kama watoto wa shule.

Alhamisi ya wiki hiyo ilikuwa mtihani. Tulienda ufuoni asubuhi, mahali palipokuwa na jukwaa la mbao la kufungia mashua. Bwana Mutiso alitaka mtu wa kuigiza anayezama, na bila shaka akachaguliwa Mtu wa Ziwa. Aliagizwa aruke kutoka kwenye mashua, hatua ishirini hivi kutoka jukwaani, apige kelele, ajitupetupe. Kisha mwalimu akatugeukia sisi, akatuonya tusimwamini. Alisema Opiyo anaweza kukataa kamba, anaweza kunyamaza makusudi ili kutupima uvumilivu, na sisi tufuate hatua zetu moja baada ya nyingine. Makoti ya kuelea yalikuwa manne tu, wakapewa wa mashua. Opiyo alisema yeye hahitaji.

Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kujaribiwa. Nilisimama jukwaani na kamba mkononi.

Opiyo akaruka. Akaibuka, akapiga kelele mara mbili, vizuri kabisa, na wenzangu nyuma yangu wakapiga makofi. Nikaanza hatua ya kwanza, nikamwita jina, nikamwambia atulie. Hakujibu. Alinyamaza kabisa. Uso wake ulikuwa umeelekea juu, mdomo uko sawasawa na maji, unaingia na kutoka. Mikono hakuipunga. Ilikuwa chini ya maji ikisukuma, kama mtu anayepanda ngazi ambayo haipo. Na macho yalinitazama bila kuniona.

Nataka mnielewe hapa. Akilini nilikuwa na sauti ya mwalimu ikisema atanyamaza makusudi. Lakini pia niliwahi kumwona mtu akitazama hivyo, kule kwetu, mwaka mto ulipochukua mtumishi wa jirani. Nilisimama kati ya vitu hivyo viwili, sijui kwa muda gani. Wengine wanasema ni kufumba na kufumbua. Mimi naona nilisimama nusu saa. Kisha nikajikuta ndani ya maji.

Nilipomfikia, alinipanda. Hakunishika mkono wala shati, alinipanda kama mtu anavyopanda ukuta, goti kifuani, mikono kichwani, nami nikaenda chini. Ninajua kuogelea, lakini kuogelea hakukunisaidia kitu. Nilikunywa ziwa lile. Aliyetutoa ni Afande Hamisi, aliyeleta mashua na kumpitishia Opiyo kasia chini ya kwapa, akamnyanyua kutoka juu yangu kama mzigo.

Jukwaani, Opiyo alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Bwana Mutiso alichuchumaa mbele yake, akamuuliza mbele yetu sote kama alikuwa anazama kweli.

"Hapana, afande," akasema Opiyo. "Nilikuwa naigiza."

Wenzangu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Bwana Mutiso alisimama, akaandika kwenye daftari lake, akaniambia nimefeli. Nilikuwa natiririka maji, na kamba niliyoingia nayo ilikuwa bado imekunjwa mkononi mwangu, haijarushwa hata mara moja. Nilimtazama Opiyo. Alikuwa anakamua soksi zake kwa makini sana. Nikajiambia kwamba labda kweli aliigiza. Halafu nikakumbuka goti lake kifuani. Kwa siku nne nilizunguka hivyo, nikila sijui ninachokula.

Wiki ya pili ikaja, tukaenda kwenye jengo moja mjini lililokuwa na lifti. Acha niwaambie kidogo juu ya lifti, kwa sababu ninyi mnazipanda bila kufikiri. Siku zile lifti mjini zilikuwa za kuhesabu, na nusu yetu hatukuwahi kuingia hata moja. Shida ya kwanza tuliyoikuta ni kuhesabu orofa. Bawabu anasema mtu amekwama orofa ya tatu. Mwenye ofisi anasema ya nne. Wote wanasema kweli, mmoja ameanza kuhesabu chini barabarani, mwingine ameanza juu yake. Mimi nimewahi kubisha mlango wa lifti kwa dakika nyingi nikimliwaza mtu aliyekuwa orofa nyingine kabisa. Kwa hiyo usiulize ni orofa ya ngapi. Panda ngazi, gonga kila mlango wa lifti, sikiliza anayejibu.

Bwana Mutiso alihitaji mtu wa kukwama ndani. Akamchagua Opiyo tena, kwa sababu, alisema, kijana huyu anaigiza vizuri. Lifti ikasimamishwa kati ya orofa ya pili na ya tatu, taa ya ndani ikazimwa. Sheria ni kwamba mtu mmoja abaki mlangoni akizungumza na aliyekwama wakati wote, asiachwe peke yake. Mimi nikawekwa mlangoni. Wengine wakapanda kwenda chumba cha mashine kule juu.

Tukabaki wawili, yeye gizani, mimi ng'ambo ya mlango wa chuma. Nilianza kusoma maneno niliyofundishwa, kwamba yuko salama, hewa ipo, tunakuja. Nilipomaliza, nikaweka kiganja mlangoni. Kisha nikasikia sauti yake, karibu sana, kama aliyeweka mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Omera, ndugu yangu, pale majini sikuwa naigiza."

Nikasogeza sikio kwenye ule ufa.

"Sijui kuogelea," akasema. "Baba alikufa ziwani. Mama hakuniruhusu hata kunawa miguu pale. Nikisema, wataniondoa."

Nilibaki nimeweka kiganja kwenye mlango ule. Mnadhani nilifurahi, kwamba sasa najua sikuwa mjinga. Sikufurahi. Nilikasirika, halafu nikamwonea huruma, halafu nikaogopa, kwa sababu nilifikiria siku tutakayoitwa ziwani kwa kazi ya kweli na yeye ndiye wa mashua. Kabla sijapata neno la kumwambia, mwenzangu mmoja akashuka ngazi kunibadilisha. Ilikuwa zamu yangu ya kupanda juu kwenye mashine.

Chumba cha mashine kilikuwa kidogo, kina joto na harufu ya grisi. Kazi ilikuwa rahisi kuielewa. Unazima umeme kwenye swichi kubwa ya ukutani. Kisha mmoja analegeza breki kidogo kidogo, mwingine anazungusha gurudumu la mkono, lifti inasogea mpaka ilingane na mlango. Afande Hamisi alikuwa kwenye breki. Akaniuliza kama nimezima umeme. Nikasema ndiyo.

Hakulegeza breki. Aliiacha, akatembea mpaka ukutani mwenyewe, akatazama. Swichi ilikuwa bado juu. Sikuwa nimeigusa. Nilisema ndiyo kwa mdomo huku akili iko orofa ya pili. Kama mtu angebonyeza kitufe chini wakati mikono yangu iko kwenye gurudumu lile, leo mngekuwa mnasimuliwa habari zangu na mtu mwingine, na mimi sijui Opiyo angekuwa wapi. Afande alizima, akafunga swichi kwa kufuli, akautia ufunguo mfukoni. Akarudi kwenye breki. Tangu siku hiyo sijawahi kumuuliza mtu kama amezima. Naenda naangalia, hata kama aliyezima ni askofu.

Tukaanza. Tulitaka kumshusha Opiyo orofa ya pili, basi nikashika gurudumu tayari kuzungusha upande wa kushuka. Afande alipolegeza breki, gurudumu likaanza kwenda lenyewe upande mwingine. Nikalivuta, likanivuta. Nikamwambia Afande kuna kitu kimeharibika, lifti inapanda. Akafunga breki, akanieleza. Upande wa pili wa kamba kunaning'inia vyuma vizito, vimepimwa vibebane na lifti iliyojaa watu nusu. Ikiwa ndani kuna mtu mmoja, lifti ni nyepesi kuliko vyuma, basi ukiiachilia inapanda. Ikijaa, inashuka.

"Haijui wewe unataka nini," akasema. "Inajua uzito tu. Mpeleke inakotaka, umtoe orofa ya tatu."

Tukampeleka orofa ya tatu, akatoka akipepesa macho, watu wakampongeza kwa kukaa kimya vizuri.

Tuliposhuka, Afande Hamisi alinishika bega, akaniketisha kwenye ngazi, akaniuliza ni nini kimenitoa akili. Niliapa moyoni kutosema. Kisha nikasema yote. Sijui mpaka leo kama ilikuwa haki. Opiyo aliniambia mimi, hakumwambia Afande. Lakini swichi ile ilikuwa imenitisha.

Afande akautoa ule ufunguo, akauchezea. Mwisho akasema, "Na mimi sijui."

Nilidhani anasema hajui la kufanya. Nikamwambia hata mimi sijui.

"Hapana," akasema. "Kuogelea. Sijui kuogelea."

Huyo ndiye aliyenitoa majini siku nne kabla. Niliangalia viatu vyangu. Sikuweza kumwangalia.

Kesho yake asubuhi, Bwana Mutiso alipofungua daftari, Afande Hamisi alisimama. Alikuwa amevaa sare kamili, vifungo vinang'aa. Aliomba swali la siku ya kwanza lirudiwe. Bwana Mutiso hakukumbuka swali gani. Afande akalirudia mwenyewe, kwamba ni nani hapa asiyejua kuogelea, kisha akainua mkono wake mwenyewe, akauacha juu. Mtu mwenye miaka ishirini kazini, anayebakiza michache kustaafu.

Nilisikia benchi likilia. Opiyo aliinua wa kwake. Kisha mwingine, na mwingine. Mikono tisa. Tuliobaki chini tulikuwa watatu, na kati ya hao watatu nashuku mmoja alikuwa bado anaona aibu.

Bwana Mutiso alihesabu kwa kidole. Akafunga daftari, akatoka nje, tukamwona dirishani akitembea kutoka gari moja la moto mpaka lingine na kurudi. Hatukujua kama tumefutwa kazi sote. Aliporudi alisema lifti zinatosha, siku zilizobaki tunarudi ziwani, maji yasizidi kiuno, na atakayejifanya anajua atamrudisha nchi kavu yeye mwenyewe. Hakuna aliyefutwa. Mimi ndiye niliyewekwa kumshika Afande Hamisi mgongo akijifunza kuelea. Alikuwa mzito kama chuma cha lifti, na macho ameyafumba, na midomo inasoma dua bila sauti. Opiyo alijifunza akitetemeka, hatua moja mbele, mbili nyuma.

Siku ya mwisho vyeti vikatolewa, jina langu halikuitwa. Nilimfuata Bwana Mutiso kwenye gari. Nilimwambia sasa anajua kwamba Opiyo alikuwa anazama kweli, na kwamba mimi peke yangu ndiye niliyeona. Alikubali. Alisema niliona vizuri kuliko yeye, na hilo aliliandika. Lakini alisema pia kwamba bila ile mashua angepeleka nyumbani maiti mbili badala ya moja, na kwamba kuona sawa si kufanya sawa. Kamba ilikuwa mkononi mwangu. Akanipa mkono, akaondoka. Nilibaki nimesimama uani nikijaribu kujua kama nimesifiwa au nimekemewa.

Ziwa mnalolijua ninyi si lile letu. Miaka ya tisini gugumaji lilikuja likalifunika, asubuhi unaamka unaona shamba la kijani mpaka mbali, na maua ya zambarau juu yake, huwezi kusema nchi kavu imeishia wapi. Afande Hamisi alikuwa ameshastaafu, na aliyepandishwa cheo badala yake alikuwa Opiyo. Asubuhi moja tukaitwa ufuoni. Mama mmoja mnunuzi wa samaki alikuwa amekanyaga gugu akidhani ni ardhi, akatumbukia, na gugu lilikuwa limemfunga, kichwa tu kiko nje, kama hatua kumi na tano kutoka ukingoni. Mashua isingepita. Watu walikuwa wamejaa, kila mmoja anatoa shauri.

Mimi nilikuwa tayari nimeinama, navua viatu. Opiyo akaweka mkono kifuani mwangu.

"Acha viatu," akasema. "Fungua kamba."

Nilimkatalia kwa macho. Hakuondoa mkono. Sasa naelewa kwamba ndani ya gugu lile miguu yangu ingefungwa kama kuku wa sokoni, lakini wakati ule sikuelewa chochote, nilitii tu. Nilirusha mara ya kwanza, ikaenda kushoto. Nikaivuta, ikaja imejaa mizizi. Nikarusha ya pili, ikakwama kwenye majani mbele yake, naye hakuiona. Opiyo alikuwa anazungumza naye kwa Kijaluo wakati wote, anamuuliza jina lake, anauza wapi, ana watoto wangapi, kwa sauti ya mtu anayenunua samaki. Mama akajibu. Akasema anauza soko la Kondele. Nikarusha ya tatu ikamwangukia begani, akaishika, tukamvuta watu sita, akaja na gugu lote shingoni, hai, akiulizia karai lake.

Alipopelekwa hospitali na watu kutawanyika, tulikaa ukingoni mimi na Opiyo tukiitoa mizizi kwenye kamba. Hatukuwahi kuzungumza habari za siku ile ya jukwaa, miaka yote hiyo, hata mara moja.

"Owino," akasema, "kama siku ile ungenirushia kamba, ningeishika?"

Nilifikiria yale macho yaliyonitazama bila kuniona. Nilifikiria pia huyu mama, na ile kamba ya kwanza iliyokwenda kushoto. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui.

Akaendelea kung'oa mizizi. Baadaye akasema hata yeye hajui, na yeye ndiye aliyekuwa ndani ya maji.